Chembe Sahani na Ulimi wa Mzee Thuranira

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara sasa mmekuta mashine iko mezani. Inameza damu, inalia kidogo, inatema karatasi. Siichukii. Mimi nilihesabu chembe za damu kwa jicho moja kwenye hadubini, la pili nimelifumba, mpaka nikitoka jioni kupita stendi ya Meru vijana wa pale wanadhani nawakonyeza. Mashine haikonyezi mtu. Hilo peke yake ni maendeleo.

Ila mashine ina tabia moja ya wauzaji: inataja bei ya kwanza kwa uso mkavu. Nambari ya kwanza si lazima iwe uongo. Ni ya kufungulia mazungumzo.

Haya sikuyapata chuoni. Mama yangu aliuza ndengu kule Mbeere, kwenye jua, kwa gorogoro, lile kopo la bati ambalo kila mtu analiamini kwa sababu ni kopo. Kabla sijajua kusoma alinifundisha kupitisha mkono chini ya gorogoro la mwenzake, nione kama kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Kikiingia, mteja anaona limejaa, na kweli limejaa, ila amejaziwa kopo dogo. Kwa hiyo nilipofika maabara nikaambiwa niamini chombo, mkono wangu ulienda chini wenyewe.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Njeru, mtu wa Runyenjes, mwembamba kama kijiti cha kibiriti, aliyekunywa chai bila sukari miaka yote ili, alisema, awe na haki ya kuwasema wengine. Kile kioo cha kuhesabia damu kina viwanja viwili. Mzee Njeru aliniambia siku ya kwanza, "Hesabu hiki, halafu hesabu na kile. Vikikubaliana, andika. Vikigombana, osha kioo uanze upya. Usivipatanishe kwa kugawanya katikati. Wewe si chifu."

Tulikuwa pia na desturi yetu. Kila asubuhi mmoja wetu alitoa damu yake mwenyewe, ikapimwa kabla ya wagonjwa, ili tujue rangi ziko sawa na macho yako sawa. Damu ya mgonjwa haikwambii mengi mpaka uweke ya mzima kando yake. Zamu yangu ikifika nilikuwa natafuta udhuru, na Mzee Njeru ananitazama juu ya miwani. "Mama Wawira," anasema, "fundi wa maabara anayeogopa sindano ni kinyozi anayeogopa nywele. Leta mkono."

Yeye ndiye aliyenionyesha chembe sahani. Kama hamjawahi kuzitazama kwa macho yenu, zimeni mashine siku moja mkazitazame. Ni vipande vidogo mno, kando ya chembe nyekundu vinaonekana kama makombo kando ya chapati. Vinaelea tu, havina haraka. Lakini jikate na panga ukipogoa kahawa, uone. Zinafika pale penye tundu kabla hujamaliza kulaani panga, zinajibandika, zinavimba, zinaita wenzao, zinaziba. Fundi wa mabomba anayekuja bila kupigiwa simu na haombi chai. Mtu mzima anazo laki moja na nusu hadi laki nne na nusu katika tone dogo ambalo haliwezi kumshibisha hata mbu. Zikipungua sana, mtu anavuja damu. Zikishikana pasipohitajika, zinaziba bomba ambalo halikuwa na tundu.

Kushikana huko ndiko kunakomdanganya aliye na haraka. Siku moja ililetwa damu ya mwalimu mmoja wa Githongo. Mashine yetu ya kwanza ndiyo ilikuwa imefika, tunaipangusa vumbi kila saa kama bibi harusi, na ikasema chembe sahani za mwalimu ni elfu ishirini. Mwenzangu akakimbia kutafuta machela. Mzee Njeru akauliza, "Huyu mwalimu yuko wapi?"

"Yuko nje, Mzee."

"Anafanya nini?"

"Analalamika juu ya foleni."

"Ana madoa kwenye ngozi? Fizi zinatoka damu?"

"Hapana. Anatoka maneno tu."

"Basi rudisha machela, uweke slaidi."

Tukapaka tone kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha hadubini. Chembe sahani zilikuwepo, tena tele, zimekumbatiana mafungu mafungu. Aliyemtoa damu alikuwa ametafuta mshipa kwa muda mrefu, sindano inaingia inatoka, na damu ikaanza kuganda kidogo kabla ya kufika kwenye dawa ya chupa inayozuia kuganda. Mashine, kwa ujinga wake wa heshima, ilihesabu kila fungu kama kitu kimoja. Tukamtoa damu upya, safari hii kwa mkono mwepesi, nambari ikawa ya mtu mzima. Mwalimu akaendelea kulalamika, sasa juu ya kuchomwa mara mbili. Nawapa hiyo bure: tazama mgonjwa, tazama slaidi, ndipo utazame karatasi.

Sasa nije kwenye sukari, kwa sababu ndiyo iliyoniletea mteja mgumu kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nimekutana na wauza nyanya wa soko la Embu.

Watu wakisikia ugonjwa wa sukari wanafikiria sukari tu. Wanafikiria soda na keki ya harusi. Lakini sukari ikikaa juu damuni kwa miaka, inaparuza kuta za mishipa kwa ndani, na chembe sahani nazo zinaharibika tabia. Nyingi zinatoka kwenye uboho zikiwa kubwa kuliko kawaida na zenye wasiwasi. Zinageuka vijana wa stendi: ukipita na begi, hata kama unaenda kwa shangazi yako hapo nyuma ya soko, umeshashikwa mikono miwili kupelekwa Nairobi. Zinashikana mahali pasipo na jeraha. Likiganda fungu kwenye mshipa wa moyo, ni moyo. Kwenye mguu, ni mguu. Kwenye ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana daktari wa sukari anakuuliza habari za kifua na vidole vya miguu, na wewe unadhani ametoka nje ya mada.

Mzee Thuranira alikuwa mkulima na dalali wa miraa kutoka Maua. Mrefu, kofia haitoki kichwani hata mbele ya askofu. Miraa mwenyewe hatafuni. Alisema mwenye duka la kamba hajinyongi. Alikuja kwenye kliniki yetu ya sukari kila mwezi pamoja na mkewe, Mama Karimi, na kazi yake kubwa hapo ilikuwa kubishana. Alibishana juu ya kiti. Alibishana juu ya nani alifika kwanza. Siku ya kwanza nilipomfunga mpira mkononi alitazama chupa, akanisalimia kwa Kimeru.

"Muga, Mama Wawira. Unajaza hiyo yote?"

"Yote, Mzee."

"Nusu haitoshi?"

"Hii si pombe ya muratina, tunajaza mpaka kwenye alama."

"Basi ile itabaki unirudishie. Mimi sikuja hapa kuchangia."

Kutoka siku hiyo tukawa maadui wa aina nzuri. Yeye aliniita mwanamke wa ndengu, mimi nilimwita mwenyekiti wa foleni.

Na sukari yake ilikuwa safi. Kila kliniki, safi. Daktari Wanja, msichana mkakamavu wa kutoka Embu aliyesimamia kliniki ile, aliwahi kumsimamisha mbele ya wenzake. "Mtazameni huyu mzee. Anafuata maagizo." Thuranira akageuka polepole ili waliokaa nyuma nao waone. Wale akina mama wa foleni walimchukia kwa moyo mmoja.

Halafu ikatokea asubuhi moja nyumbani kwake. Alinisimulia Mama Karimi mwenyewe, amekaa kwenye benchi la maabara, kiondo miguuni. Mzee alikuwa anafunga mabunda ya miraa na mnunuzi amesimama mbele yake. Kamba ya mgomba ikamponyoka mkononi. Akaiokota, ikaponyoka tena. Akataka kutaja bei, maneno yakatoka kama uji.

"Mnunuzi akafanyaje?" nikauliza.

"Alidhani Mzee amekasirika hataki kuongea. Akaongeza bei mwenyewe. Mzee akabaki anamtazama tu. Akaongeza tena."

Kufika saa sita ulimi ulikuwa umerudi na mkono umerudi, na Thuranira alikuwa anajisifu kwamba hajawahi kuuza vizuri hivyo. Mama Karimi alimfunga koti, akampakia kwenye gari la jirani, akamleta hospitali.

Daktari Wanja alimweleza bila kumzunguka. Kipande cha damu iliyoganda kilinasa kwenye mshipa mdogo wa ubongo, kisha kikaachia. Hicho kilikuwa kibisha hodi. Kingine kinaweza kuja kikakaa, na kikikaa kinachukua ulimi moja kwa moja, pengine na mkono pia. Akampa dawa za sukari, dawa ya presha, na aspirini ndogo ya kumeza kila siku, ili kuzituliza zile chembe sahani. Thuranira akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndiyo tatu kutoka kwa dalali ni hapana moja iliyovaa suti. Laiti ningalijua siku ile.

Miezi ikapita. Kila kliniki sukari yake ni safi. Lakini Daktari Wanja akimchoma vidole vya miguu kwa kijiti, hasikii. Macho yanaanza kuona ukungu. Na asubuhi za kliniki mzee anakaa kwenye foleni anatoka jasho, vidole vinatetemeka, huku mwenyewe anasema ni baridi ya Mlima Kenya. Jasho la baridi. Daktari Wanja akateremka hadi maabara.

"Mama Wawira, huyu mzee hajumliki. Nambari inasema mzima, mwili unasema mgonjwa."

"Nimepima mara mbili, daktari. Huwa napima mara mbili."

"Najua unapima mara mbili. Ndiyo maana nataka kujua kinachoingia kwenye chupa kabla hujapima."

Tukamwita Mama Karimi peke yake. Hakuhitaji kusukumwa.

"Nyinyi mnamuona mtakatifu," akasema. "Mwezi mzima anakula nduma na nyama na chai ya sukari, dawa ziko kabatini. Zikibaki siku mbili kuja hapa, nyumba yangu inakuwa Kwaresima. Maji ya moto na mboga tu. Na dawa zote za wiki anameza kwa hizo siku mbili. Nikimuuliza, ananiambia amenunua kwa jumla."

Hilo ndilo lililokuwa jasho la foleni: dawa za sukari za wiki nzima tumboni mwa mtu asiyekula. Angeweza kuanguka pale pale kwenye sakafu yetu, na karatasi yake ikisema safi.

"Mama, hujamkataza?" daktari akauliza.

"Mimi namkataza tangu tuoane. Ananishinda kwa maneno." Akashika kamba za kiondo. "Lakini daktari, ile asubuhi alinyamaza. Kutoka asubuhi hadi saa sita, hakuna neno. Nimezoea kelele yake miaka yote hii, naitukana kila siku. Ile nyumba ikinyamaza namna ile moja kwa moja, mimi nitakaa na nani?"

Daktari Wanja akanigeukia. "Mimi nimemwambia mara nyingi. Kwangu anasema ndiyo. Wewe ndiye anayebishana nawe. Mtu hubishana na yule anayemsikia."

Hivyo ndivyo nilivyopewa mteja.

Kwanza tulimwambia, mimi na daktari, habari ya kumeza dawa kwa mafungu: kwamba akirudia tena tutamzika na karatasi nzuri mkononi. Hilo alilikubali kidogo, kwa sababu lile tetemeko mwenyewe aliliogopa. Lakini kila siku, kidonge baada ya kidonge, akiwa hana maumivu? Hapo alikataa. Mtu halipi kodi ya nyumba aliyokwisha kuhama, akasema.

Nikaamua kumwonyesha mali. Nikamtoboa kidole, nikapaka tone kwenye slaidi, nikatia rangi, nikamkalisha kwenye hadubini. Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake.

"Ona hivyo vidogo vya zambarau. Ndizo chembe sahani. Unaona zilivyoshikana mafungu?"

"Naona."

"Hizo ndizo zilizokufunga ulimi."

Akatazama muda mrefu. Akainua kichwa. "Na zako?"

"Zangu?"

"Sokoni hatusifu mbuzi akiwa peke yake. Weka zako tuone."

Mimi kwa kujiamini nikajitoboa. Nikapaka, nikatia rangi, nikaweka. Thuranira akainama. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Mama Wawira. Pole sana. Wewe pia uko na sukari."

Nikatazama. Zangu pia zilikuwa zimeshikana mafungu, vizuri kabisa, kama za kwake. Bila shaka. Damu ya kidole ikienda moja kwa moja kwenye kioo bila dawa ya kuzuia kuganda, za kila mtu hushikana. Hata za askofu zingeshikana. Mzee Njeru alinifundisha hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimetaka kushinda haraka, nikaweka mezani bidhaa ambayo mwenyewe nisingeinunua. Mlangoni Daktari Wanja alikuwa amekumbwa na kikohozi cha ghafla. Mama Karimi alitazama dari.

"Sasa bei imeshuka," Thuranira akasema, akavaa kofia.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu mtatengeneza slaidi nyingi nzuri na bado mgonjwa ataenda nyumbani akiwa vile vile. Mtu haonyeshwi mali asiyoijua. Muulize juu ya yake.

"Mzee," nikamwambia, "kaa kidogo. Hiyo pikapu yako ya leo asubuhi ilibeba miraa ya lini?"

"Ya leo. Hilo ni swali gani?"

"Na ya jana?"

"Ya jana ilienda jana."

"Kwa nini usivune ya wiki nzima Jumapili, upeleke mara moja, halafu ulale?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Watu wa Embu. Miraa ya juzi hata mbuzi atakuuliza amekukosea nini. Hii kitu ni ya siku yake. Unafunga kwa majani ya mgomba ikiwa na maji yake, inakimbia, inaliwa. Kesho kuna ingine, na kuna mteja mwingine anaingojea."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mvua, matanga, Krismasi."

"Sawa. Chembe sahani zako nazo haziishi hata wiki mbili. Siku nane, siku kumi, zimechakaa, mwili unaziondoa. Kila siku uboho wako unatoa zingine, mbichi. Hiyo aspirini ndogo ikiishika moja, imeituliza mpaka mwisho wa maisha yake. Hapo dawa ni nzuri kuliko unavyofikiria. Lakini ile itakayozaliwa kesho haijaonana na dawa ya leo. Umemeza zote Jumapili. Za Jumatatu zimetoka, hakuna aliyeziambia kitu. Za Jumanne, vile vile. Kufika mwisho wa wiki soko zima ni la wageni, na kwa mwenye sukari wageni hao wanatoka haraka, wakubwa, wakorofi. Wewe umefunga bunda moja unataka lilishe Nairobi wiki nzima."

Akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mama Karimi aliacha kutazama dari.

"Siku moja ndiyo, siku moja hapana," Thuranira akasema.

"Wateja wa siku ya hapana wale nini?"

"Jumapili nipumzike."

"Krismasi ulisema unapeleka."

Akakuna kidevu. "Na hiyo sukari. Nikija hapa bila kujitayarisha, mtaniona mtu mbaya."

"Mzee, nikikuuliza kama dalali mwenzangu: kuna watu wanaofunga bunda, nje wanapanga miraa ya leo, katikati wanaficha ya juzi?"

"Nani amekuambia?"

"Nimenunua vitu maisha yangu yote. Ukimkamata mtu kama huyo unamfanyaje?"

"Sinunui kwake tena."

"Sisi tumenunua kwako karibu mwaka. Na daktari anakupimia dawa kwa kutazama majani ya nje."

Akasimama. Akatazama hadubini mara moja, kama mtu anayetazama ng'ombe ambaye hajaamua kumnunua. Akatoka bila kusema ndiyo hata moja. Ndipo nikaanza kuwa na tumaini.

Kabla sijamaliza naye, mnivumilie niwaonye. Jirani yangu mmoja hapa mtaa wa Dallas, ile Dallas yetu ya Embu isiyo na mafuta wala ng'ombe, alinisikia nikisimulia haya akaenda dukani akanunua aspirini akaanza kujimezea. Tumbo lake lilikuwa na vidonda. Alitapika damu, tukakimbia naye. Chembe sahani ukizituliza, zimetulia hata pale ulipozihitaji. Thuranira alipewa na daktari kwa sababu ubongo wake ulishabishiwa hodi. Mwenye sukari mwingine huenda asihitaji kabisa. Dawa ya mtu ni kama kiatu chake, usiivae kwa sababu imempendeza.

Kliniki iliyofuata nilifika mapema. Sikuja mapema kwa ajili yake, nilijiambia. Nilitaka kupanga chupa. Nilizipanga, nikazipanga tena. Mama Karimi aliingia kwanza. Thuranira nyuma yake, kofia kichwani, hana jasho, hatetemeki. Akakaa, akanyoosha mkono.

"Jana mchana nilikula nyama. Usiku nilikula nduma, chai mbili. Halafu nikafunga ule usiku tu, vile mnataka. Toa. Leo ni bunda lote, mpaka katikati."

Nikatoa. Nikapima. Nikapima tena. Ilikuwa nambari mbaya kuliko zote nilizowahi kumwandikia, mbaya ya kumfanya mwanafunzi aite machela, na sikumbuki karatasi nyingine niliyoibeba ukumbini kwa furaha kama ile. Daktari Wanja aliisoma, akafunga macho kidogo, akamwita. Tulisikia kila kitu, maana mlango ule haukuwahi kufungika vizuri.

"Mzee, hii iko juu sana."

"Wewe daktari ni mtu wa ajabu. Nilipokuwa nadanganya ulinisimamisha watu wanipigie makofi. Leo nimekuletea ukweli, unanikunjia uso. Hiyo ni biashara gani?"

"Sijakunja uso. Nafikiria dawa."

"Na hiyo ndogo ya sahani nimemeza kila siku. Muulize huyu mama. Nilitaka kuacha Jumatano, akasimama mlangoni na glasi ya maji."

"Nitakuongezea ya sukari."

"Utaniongezea, halafu utapunguza wapi? Mtu hawezi kuongeza tu. Hata mnunuzi..."

Akaendelea. Aliingia kwenye habari ya nduma, kama ni lazima kuziacha zote au nusu tu. Akatoka hapo akaenda kwenye chai, akapita kwenye nyama, akarudi kwenye dawa, akataka kujua nani aliamua kwamba mtu mrefu na mtu mfupi wapewe kidonge kimoja. Kila neno lilikuwa mahali pake, limekatwa vizuri, na mkono wa kulia unapiga meza kusisitiza. Foleni nje ikaanza kunung'unika. Yule mama aliyekuwa nyuma yake akainuka, akamwendea Mama Karimi kwenye benchi.

"Si umwambie mzee wako atoke? Tutalala hapa?"

Mama Karimi alikuwa amekaa na kiondo mapajani, kichwa amekiegemeza ukutani, anasikiliza.

"Mwache amalize," akasema.